Je, Mtoto Aliyezaliwa Kabla ya Siku Zake Asikia Maumivu?



Yako maswali ambayo mtu aweza kuwaachia wenye elimu, naye asipungukiwe na kitu. Yako na mengine yabishayo hodi mlangoni pa kila nyumba, wala hayangoji mpaka wenye elimu wamekwisha kupatana. Swali la mwezi huu ni la namna hii ya pili. Mtoto azaliwaye katika mwezi wa saba au wa nane, yule ambaye watu humwita njiti, je, asikia maumivu kama sisi? Na ikiwa asikia, yatupasa nini sisi tulio wazazi wake, waalimu wake na usharika wake?

Hapa Momela swali hili si la mbali. Mama akishikwa na uchungu kabla ya wakati, hana budi kushuka kwa njia ya Ngongongare mpaka Usa River, na kutoka huko kwenda Nkoaranga au Arusha mjini. Mtoto akizaliwa hai, hutiwa mpira mwembamba puani ili apate maziwa, hutobolewa kisigino ili damu yake ipimwe, hutafutiwa mshipa mkononi, na pengine kichwani, ili apate dawa. Jamaa husimama nje wakiuliza, "Je, ataishi?" Nalo ni swali la haki. Lakini ni wachache waulizao, "Je, anaumia?" Na mmoja akiuliza, pengine mzee humjibu kwa nia njema ya kufariji, "Huyo hajui kitu bado." Neno hilo la mzee ndilo tutakalo kulipima leo.

Tusimcheke mzee huyo, maana neno lake lilikuwa neno la waganga wengi wa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Nao walikuwa na sababu zao. Kwanza, walisema, mishipa ya fahamu ya mtoto mchanga haijavikwa ule utando wa mafuta uvikao mishipa mingi ya mtu mzima. Basi haiwezi kupeleka habari za maumivu. Pili, ubongo wake haujakomaa. Akikunja uso, ni mwili tu unaojikunja, kama jani la kifauwongo liguswapo. Tatu, hata akiumia, hatakumbuka. Nne, dawa ya usingizi ni ya hatari kwa mwili mdogo namna ile, nayo yaweza kumwua. Sababu hii ya nne haikuwa ya upuzi. Wengi waliishika kwa moyo safi, wakiogopa kumwangamiza mtoto kwa kutaka kumtuliza.

Basi ikawa desturi katika hospitali nyingi kuwapasua watoto hao kwa dawa kidogo sana, au pasipo dawa ya maumivu kabisa. Mwaka 1985, katika mji wa Washington, mtoto mmoja aliyezaliwa kabla ya siku zake alipasuliwa kifua ili ufungwe mshipa ulio karibu na moyo. Alipewa dawa ya kulegeza viungo ili asijongee. Dawa ya kuondoa maumivu hakupewa. Baada ya majuma machache akafa. Mama yake, Jill Lawson, alipopata habari ya mambo hayo aliuliza sababu, akaambiwa ya kwamba haijathibitishwa kuwa watoto kama hao wasikia maumivu. Mama huyo hakunyamaza. Mwaka 1986 habari yake ilitangazwa katika magazeti, na wazazi wengi wakashtuka, maana hawakujua.

Wakati huo mganga mmoja aliyetoka Bara Hindi, Kanwaljeet Anand, alikuwa akifanya kazi katika mji wa Oxford, Uingereza. Aliona ya kuwa watoto wachanga waliporudishwa kutoka chumba cha kupasuliwa walikuwa katika hali mbaya kuliko walivyokwenda. Yeye na wenzake wakawagawa watoto njiti waliopaswa kupasuliwa katika makundi mawili. Kundi moja walitiwa dawa kama ilivyokuwa desturi. Kundi la pili waliongezewa dawa yenye nguvu ya kuondoa maumivu. Habari zake zilitolewa mwaka 1987. Katika kundi la kwanza damu ya watoto ilionyesha dalili kubwa za mwili uliofadhaika, nao walipata matatizo mengi zaidi baada ya kupasuliwa. Katika kundi la pili dalili zile zilikuwa chache, na watoto walipata nafuu vizuri zaidi. Dawa iliyoogopwa kwamba itaua ilionekana kuwa yasaidia, mradi itiwe kwa kipimo na kwa uangalifu. Mwaka huo huo chama cha waganga wa watoto cha Marekani kilitangaza ya kwamba watoto wachanga wapewe dawa ya maumivu wanapopasuliwa, kama wapewavyo watu wengine.

Na zile sababu nyingine, je? Habari ya utando wa mafuta ilikuwa na jibu jepesi tangu zamani: hata katika mtu mzima, sehemu kubwa ya habari za maumivu husafiri katika mishipa isiyokuwa na utando huo. Yaani mishipa hiyo yapeleka habari polepole, lakini yazipeleka. Habari ya ubongo ilihitaji kazi zaidi. Njia zipelekazo habari mpaka sehemu ya juu ya ubongo huanza kuunganika yapata juma la 24 la mimba, na watoto wengi wanaookolewa hospitalini wamekwisha kulipita juma hilo. Juu ya mtoto aliye tumboni kabla ya hapo wenye elimu wabishana hata leo. Mwaka 2015 watu wa Oxford walitazama, kwa chombo kionyeshacho kazi ya ubongo, watoto 10 waliotimiza miezi yao na watu wazima 10, wakiwagusa mguuni kwa kitu chembamba kidogo kama penseli. Sehemu 20 za ubongo ziliamka katika watu wazima. Katika wale watoto, 18 kati ya hizo ziliamka pia. Tena imeonekana ya kuwa ile nguvu ya mwili ambayo kwayo ubongo hupunguza maumivu yapandayo, mtoto njiti hajapata bado kwa utimilifu. Kwa hiyo yawezekana sana kwamba yeye aumia kuliko sisi, wala si pungufu.

Ndugu, turudi sasa katika yale tuliyo nayo hapa nyumbani, ili tuone mahali ambapo fikira ya zamani ilipotea njia. Ilipotea katika jambo moja: ilidhani kwamba asiyeweza kusema hana la kusema.

Watu wa nchi yetu wangeweza kulikanusha jambo hilo pasipo chombo chochote. Katika desturi ya Waarusha na Wamaasai kijana aliyeingia jandoni alisimama mbele ya kisu, wala haikumpasa kulia wala kupepesa macho. Mama zake na dada zake walingoja kusikia habari ya kwamba hakujongea. Je, yuko mtu aliyesema, "Kijana huyu hakusikia maumivu, kwa kuwa hakupiga kelele"? La, hasha. Alisifiwa kwa sababu kila mtu alijua ya kuwa anaumia. Basi tukijua kwamba kimya cha mwenye nguvu chaweza kuficha maumivu, je, kimya cha mdogo aliyekosa nguvu ya kulia? Wazee wetu wa Kiswahili walisema, kimya kingi kina mshindo mkuu. Mtoto njiti aliye dhaifu sana pengine halii. Hulegea, rangi yake hubadilika, moyo wake huenda mbio, pumzi yake hupungua. Mwaka 1996 huko Kanada kilitolewa kipimo cha kuwasaidia wauguzi kutambua maumivu ya watoto hao kwa uso, kwa moyo na kwa oksijeni iliyomo katika damu. Na katika kipimo hicho, mtoto aliye mchanga zaidi huongezewa hesabu, kwa kuwa hana nguvu ya kuonyesha yote yaliyompata. Tazameni hekima iliyomo: uchache wa ishara hauhesabiwi kuwa uchache wa maumivu.

Tena, watu wa Meru wajua tofauti iliyopo kati ya kuumia na kusikiwa. Mwaka 1951 watu wa Ngare Nanyuki waliondolewa kwa nguvu katika nchi yao, na nyumba zao zikachomwa moto. Hao walikuwa na vinywa. Wakamtuma Kirilo Japhet, naye mwaka 1952 alisema mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Lakini huzuni yao haikuanza siku ile ulimwengu uliposikia. Ilianza siku ile nyumba zilipoungua. Ndivyo ilivyo na watoto hawa. Maumivu yao hayakuanza mwaka 1987, waganga walipoyaandika. Yalikuwako wakati wote, ila hawakuwa na wa kumtuma.

Hapo msomaji mmoja atasema, "Vema, mtoto aumia. Lakini hatakumbuka. Jambo lisilokumbukwa lina hasara gani?" Swali hili ni la haki, nasi hatutaki kulipita haraka, maana wengi walio wema hujituliza kwalo.

Twalijibu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwili. Mwaka 1997 wenye elimu wa Kanada walitoa habari za watoto wa kiume waliotahiriwa katika siku zao za kwanza. Wale waliotahiriwa pasipo ganzi, walipochomwa sindano ya chanjo katika mwezi wa nne au wa sita, walionyesha maumivu makubwa kuliko watoto wasiotahiriwa. Akili haikuwa na kumbukumbu ya kusimulia, lakini mwili ulikuwa umefundishwa. Basi kusahau kwa mdomo si kusahau kote.

Njia ya pili ina nguvu zaidi, nayo ingesimama hata kama mwili ungesahau kabisa. Mzee aliyepotewa na akili kwa uzee hukumbuka nini? Asubuhi umempiga, jioni amesahau. Je, kwa sababu hiyo ni halali kumpiga asubuhi? Kila mtu wa nyumba ya heshima atakataa. Maumivu ni mabaya wakati ule yanapouma, wala hayangoji kukumbukwa ndipo yawe mabaya. Sisi wenyewe hatukumbuki kitu cha mwaka wetu wa kwanza, walakini wema wote wa mama zetu katika mwaka ule ulikuwa wema wa kweli. Ikiwa wema usiokumbukwa ni wema, basi ubaya usiokumbukwa ni ubaya. Tena sisi Wakristo twaungama kwamba yuko mmoja asahauye dhambi zetu tukitubu, lakini asiyemsahau mtoto anyonyaye hata kama mama yake angemsahau. Nabii Isaya atufundisha hivyo. Kumbukumbu ya mtoto isipolishika jambo, limeshikwa mahali pengine.

Sasa twaja kwenye jambo lililo moyo wa habari hii. Kwa miaka mingi watu walisema, "Haijathibitishwa kwamba aumia, basi tuendelee." Neno hilo laonekana kuwa la busara, lakini limegeuza mizani. Ni nani apaswaye kuthibitisha? Je, ni mtoto wa uzito wa kilo 1, alegee mikononi mwa mtu mwenye kisu, athibitishe kwamba aumia? Au ni mwenye kisu athibitishe kwamba haumii? Tukikosea kwa upande wa huruma, tumepoteza dawa kidogo na kazi ya kuangalia kipimo chake. Tukikosea kwa upande mwingine, kosa lote lachukuliwa na yeye asiyeweza hata kugeuka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi asiyekilalia asiwe wa kwanza kuapa kwamba hakina kunguni.

Kanisa letu lina mfano wa njia hii ya kufikiri. Mwaka 1528 Martin Luther aliwaandikia wachungaji wawili juu ya watu waliokataa ubatizo wa watoto wachanga. Wale walidai kwamba mtoto hawezi kuamini, kwa kuwa hana akili wala maneno. Luther aliuliza wamepata wapi hakika hiyo. Akawakumbusha Yohana, ambaye, kama Luka asimuliavyo, aliruka kwa furaha tumboni mwa Elisabeti kabla hajazaliwa. Wala hakujifanya kwamba aijua imani ya kila mtoto. Alikataa tu kwamba kukosa maneno ni ushahidi wa kukosa kitu. Imani na maumivu si jambo moja, twajua. Lakini kanisa limpelekalo mtoto asiyesema mbele ya kisima cha ubatizo, na kumwita kwa jina lake, haliwezi kwenda hospitalini na kusema, "Huyu hajui kitu bado." Anayeweza kupokea neema ni mtu, na aliye mtu, maumivu yake ni maumivu ya mtu.

Tusiende mbali kupita kiasi tena. Kutoka hapo haitupasi kusema kwamba kumchoma mtoto sindano ni dhambi. Maumivu yaletayo uzima ni ya halali, kama vile mkulima apogoavyo mti. Ila kwa kila tundu tuulize mambo matatu: Je, lahitajika kweli? Je, laweza kuunganishwa na lingine, ili atobolewe mara moja badala ya mara mbili? Je, amepewa cha kumtuliza? Maswali haya hayahitajiwi Afrika peke yake. Mwaka 2008 zilitolewa habari za hospitali za Paris na miji iliyo karibu. Huko mtoto mgonjwa aliye mchanga alipatwa na mambo yenye kuuma yapata 10 kwa siku, na katika kila 100 ya hayo, 79 yalifanywa pasipo kitu maalum cha kutuliza. Huko dawa zilikuwako. Kilichopungua ni kuuliza.

Na hapa yako maneno ya kufurahisha. Vitu vingine vitulizavyo maumivu madogo ya mtoto havinunuliwi. Imechunguzwa mara nyingi, ikaonekana ya kuwa mtoto anyonyeshwaye, au alazwaye kifuani pa mama ngozi kwa ngozi wakati wa kutobolewa kisigino, huonyesha maumivu machache. Wauguzi wengine humpa matone ya maji ya sukari kwa kipimo chao. Jambo hilo liachwe kwao, lisifanywe nyumbani. Kifua cha mama tena chaokoa uhai. Njia hiyo ilianzwa huko Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 2021 zilitolewa habari za uchunguzi uliofanywa Ghana, Malawi, Nigeria, Bara Hindi na Tanzania kwetu, kwa watoto wa kilo 1 na zaidi lakini wasiofika kilo 1.8. Katika watoto 100 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12. Katika 100 walioangaliwa kwanza kwa njia ya zamani walikufa karibu 16. Katika baridi ya Momela, ukungu wa Meru ushukapo mwezi wa Juni na wa Julai, kila mama aweza kuelewa sababu.

Kwa hiyo twawashauri waalimu na wazee wa sharika mambo haya.

La kwanza, msimtenge mama na mtoto. Mwalimu akiitwa kumbatiza mtoto aliye hatarini, atumie maji ya vuguvugu, matone machache tu, wala asimwondoe kifuani pa mama ila mwuguzi akiagiza. Ubatizo haupungukiwi na kitu kwa maji ya moto kidogo, bali mwili mdogo wapungukiwa sana kwa maji ya baridi.

La pili, msitafute mwenye kosa. Wako wanaonong'ona kwamba mama alifanya neno fulani, au kwamba ni adhabu. Wanafunzi walimwuliza Bwana hivyo hivyo juu ya yule kipofu, naye aliwakatalia. Katika mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa kabla ya wakati duniani, yaani mmoja katika kila 10. Je, mama hao wote walikosa?

La tatu, mama akaaye hospitalini na mtoto kifuani hawezi kupika wala kulima. Nyumbani mzazi hulishwa mtori na kutunzwa. Huko wodini yu peke yake. Wanawake wa usharika wampelekee chakula kwa zamu, na baba asione haya kufungua shati lake na kumshika mtoto mama anapolala. Hata serikali imeona jambo hili. Kwa kazi ya watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, mwaka 2025 sheria ya kazi ya Tanzania ilibadilishwa ili mama aliyejifungua kabla ya wakati aongezewe siku za likizo. Usharika usiwe nyuma ya serikali katika huruma.

La nne, ulizeni. Mzazi ana haki ya kumwambia mganga kwa adabu, "Bwana mganga, mtoto huyu atapewa nini cha kumtuliza?" Hilo si kumfundisha mganga kazi. Mithali zatuagiza kufungua kinywa kwa ajili yake asiyeweza kusema.

La tano ni gumu zaidi. Wako watoto ambao waganga, wakiisha kufanya yote, huona hawatapona, na kila tundu jipya ni maumivu matupu yasiyoleta kitu. Hapo kuacha kutoboa si kuua, wala kushikilia mashine si imani kuu zaidi. Lakini kuacha kutoboa kusiwe kuacha mtoto. Dawa ya maumivu isikomeshwe, kifua cha mama kisiondolewe, na jina lake litajwe katika maombi. Akifa, azikwe kwa heshima ya mtu, na mama yake aliliwe, wala asiambiwe, "Utapata mwingine." Alikuwa huyu, wala si mwingine.

Jibu letu, basi, kwa mzee yule aliyesema, "Huyo hajui kitu bado," ni hili, nalo twalisema kwa heshima: Mzee wetu, anajua baridi, anajua sindano, anajua kifua cha mama yake. Hajui kutuambia. Kuambiwa hakukuwa lazima kwa Msamaria yule njiani; alimwona mtu amelala nusu ya kufa, asiyeomba neno, akashuka.

Bwana awape ninyi nyote macho ya kuona na mikono yenye joto.